Duka la pipi lililoitia Coca-Cola chupani

Asa Griggs Candler, aliyekuwa mwenye kampuni ya Coca-Cola, alifariki mwaka 1929. Alikuwa amewahi kuwa meya wa Atlanta, alikuwa ametoa dola milioni moja zilizokihamishia Chuo cha Emory mjini humo na kukifanya chuo kikuu, na kwa mujibu wa muuza pipi mmoja wa Mississippi, alikuwa bado anadaiwa chupa tupu. Muuza pipi huyo, Joseph Biedenharn, alimpelekea kreti ya Coca-Cola ya chupa mwaka 1894. Candler akajibu kwamba ni kizuri. Basi. Hakuongeza neno, na chupa hakuzirudisha. Biedenharn alikuwa akilisimulia jambo hilo uzeeni kwa utani, lakini yeyote aliyelelewa karibu na duka la mtaani, ambako huondoki na soda mpaka uache chupa au hela ya chupa, anajua kwamba utani wa namna hiyo una hesabu ndani yake.

Kreti ile ilitoka mtaa wa Washington, namba 1107, mjini Vicksburg. Jengo bado lipo. Ni la matofali, duka chini na ghorofa juu, limejengwa mwaka 1890, na ukipita mbele yake bila kusoma kibao hutadhani kwamba hapo ndipo Coca-Cola ilipotiwa chupani kwa mara ya kwanza ikauzwa. Si jumba la kifahari. Maduka ya zama zile katika miji midogo ya Kusini mwa Marekani yalifuata mtindo mmoja: uso mwembamba, mgongo mrefu. Upande wa barabarani ndio uliokuwa ghali, kwa kuwa ndiko wateja walikopita, hivyo mfanyabiashara alinunua upana alioumudu kisha akairefusha nyumba kwenda nyuma, na huko nyuma akarundika mzigo wa jumla. Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuchorewa picha. Wahindi waliojenga maduka ya Darajani walipiga hesabu hiyohiyo.

Vicksburg ni mji wa watu 21,573 kwa sensa ya 2020, juu ya vilima vinavyoutazama mto Mississippi. Wamarekani wengi wanaujua kwa sababu moja tu, nayo ni vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1863 jeshi la Jenerali Ulysses Grant liliuzingira kwa siku 47. Wakazi walichimba mapango vilimani wakalala humo na watoto wao, mabomu yakipita juu, hadi tarehe 4 Julai mji ulipokabidhiwa. Jenerali wa Kusini aliyeukabidhi aliitwa John Pemberton. Miaka 23 baadaye mfamasia mmoja wa Atlanta alibuni Coca-Cola, naye akaitwa John Pemberton. Ni watu wawili tofauti kabisa, na hakuna fumbo la kufumbua hapo, ila waongozaji watalii wa Vicksburg wana haki ya kulifurahia jambo hilo kuliko watu wengine.

Lililonivutia mimi ni la mto. Wakati wa vita Grant aliwatuma askari na watu waliokuwa watumwa wachimbe mfereji kuvuka rasi iliyo mbele ya mji, ili meli zake zipite mbali na mizinga. Alishindwa. Aprili 1876 mto wenyewe ukaifanya kazi ile ndani ya siku moja: ukaikata rasi, ukahamia njia yake mpya, na Vicksburg, bandari iliyokuwa ikiishi kwa meli za pamba, ikaachwa na maji yaliyosimama. Haikupata tena njia ya kweli ya meli mpaka mfereji wa kugeuza mto Yazoo ulipokamilika mwaka 1903. Kwa hiyo familia ya Biedenharn ilijenga duka lake katika miaka ambayo mji ulikuwa umekimbiwa na mto wake. Mtu anayefanya biashara mahali pa namna hiyo hasubiri wateja washuke melini. Anawafuata waliko.

Joseph alizaliwa mjini humo mwaka 1866, katika familia yenye asili ya Ujerumani. Biashara ilikuwa ya pipi na vitu vitamu, rejareja na jumla, na ndani ya duka kulikuwa na mashine ya soda. Kabla ya chupa kuenea, Coca-Cola haikuwa kitu cha kununua ukaondoka nacho. Ilikuwa shira. Kiwanda cha Atlanta kilipeleka shira hiyo madukani, kijana wa kaunta akaipima kidogo kwenye glasi, akafungulia maji yenye gesi yakatoa povu, akakoroga, akakusogezea kwa senti tano. Ukanywa papo hapo, umeketi au umesimama mbele ya kaunta. Asiyefika kwenye kaunta hakunywa.

Biedenharn tayari alikuwa akitengeneza soda za kawaida za chupa, na wateja wake wa jumla walikuwa vijijini: maduka ya mashamba makubwa ya pamba na kambi za wakata mbao, watu ambao wasingeweza kuendesha gari la farasi siku nzima kufuata glasi moja ya kinywaji mjini. Kiangazi cha 1894, akiwa na miaka 27, aliichukua shira ileile ya kaunta, akaitia kwenye chupa zilezile za soda, akajaza maji ya gesi na kufunga. Chupa zilikuwa za mtindo wa Hutchinson: ndani ya shingo kuna kizuizi cha mpira kilichoshikwa na waya, ukikivuta juu kinakaza, gesi yenyewe inakisukuma na kukibana, na ukitaka kunywa unakibonyeza kishuke. Ilikuwa mbinu ya ujanja, ila soda ikikaa siku nyingi ilinuka mpira. Kizibo cha bati tunachokijua leo kilikuwa kimeshabuniwa na William Painter wa Baltimore mwaka 1892, lakini mashine zake zilikuwa hazijafika kwa kila mtu.

Hakuomba ruhusa. Hilo ndilo hupita haraka mno katika masimulizi ya kampuni. Mchuuzi wa jumla wa mji mdogo, zaidi ya kilomita 600 kutoka Atlanta, aliigeuza bidhaa ya mtu mwingine kuwa bidhaa ya aina nyingine, kisha ndipo akampelekea mwenyewe kreti ya kuonja. Na mwenyewe hakuona kitu. Si kwamba Candler alikuwa mjinga; alikuwa na sababu. Biashara ya kaunta ilikuwa ikimpa faida bila yeye kumiliki hata chupa moja. Chupa za siku hizo zilipasuka, zilioshwa vibaya, zilitiwa maji ya visima vyovyote, na lawama ya tumbo la mteja ingemwangukia mwenye jina. Akaiacha Vicksburg iendelee na mambo yake.

Mwaka 1899 wanasheria wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, wakamwendea na pendekezo la kutia kinywaji hicho chupani karibu nchi nzima. Aliwapa haki hiyo kwa dola moja, na inasemwa kuwa hata dola hiyo hakuidai. Mkataba uliacha nje maeneo machache, mojawapo likiwa jimbo la Mississippi, kwa kuwa huko alikuwepo tayari mtu anayejaza chupa. Ulimfunga pia auze shira kwa bei moja bila kikomo cha muda, jambo lililokuja kuwaumiza kichwa warithi wake na kuwafikisha mahakamani. Thomas na Whitehead nao hawakujenga viwanda nchi nzima. Waliigawa nchi vipandevipande, kila kipande wakampa mfanyabiashara wa hapo hapo: yeye ajenge, anunue chupa, atafute maji na magari, wao wamuuzie shira. Kufikia 1909 viwanda vilikuwa karibu 400.

Utaratibu huo haujabadilika sana. Ndiyo maana soda ya Moshi ilijazwa na Bonite na ya Mwanza na Nyanza Bottling, kwa mtaji na wafanyakazi wa huku, shira ikitoka kwa mwenye jina. Na kanuni kwamba chupa ni mali ya mjazaji, na mteja ananunua kilichomo tu, ndiyo iliyovunjwa ikamkasirisha kidogo Biedenharn na ndiyo inayomfanya mama muuza duka wa Kariakoo akukazie macho ukianza kutembea na chupa yake.

Sasa turudi kwenye kaunta, kwa sababu hapo ndipo jengo hili linaposema zaidi ya yale ambayo vibao vyake vinayasema.

Mwaka lilipojengwa, 1890, ndio mwaka ambao Mississippi iliandika katiba mpya. Watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika jimbo hilo, na waandishi wa katiba hawakuficha walichokikusudia: kodi ya kupigia kura, na sharti la kusoma au kufafanua kifungu cha katiba mbele ya msajili mweupe, ambaye ndiye aliyeamua kama umefafanua vizuri. Kati ya wajumbe wote mweusi alikuwa mmoja, Isaiah Montgomery, aliyezaliwa mtumwa kwenye shamba la ukoo wa Davis, kusini tu ya Vicksburg. Wananchi hawakupewa nafasi ya kuipigia kura katiba hiyo. Vicksburg yenyewe haikuhitaji kukumbushwa maana yake. Desemba 1874 makundi ya weupe wenye silaha yalikuwa yamemlazimisha Peter Crosby, mkuu wa polisi mweusi aliyechaguliwa kihalali, kuachia ofisi, na wafuasi wake waliokuja kumtetea wakauawa kwa makumi.

Katika mji kama huo kaunta ya soda haikuwa fanicha tu. Ilikuwa mahali pa watu kuketi pamoja wakiwa safi, bila haraka, wakihudumiwa, wanaume na wanawake bega kwa bega. Ndiyo maana ililindwa kuliko mahali pengi. Duka la Kusini lilimuuzia mtu mweusi viatu, kitambaa, mafuta ya taa na pipi za watoto. Hela yake haikuwa na rangi. Lakini kuketi kunywa ni jambo lingine. Mahali pengi aliyekuwa mweusi alipewa kinywaji cha kwenda nacho nje, kama alipewa.

Mwanahistoria Grace Elizabeth Hale wa Chuo Kikuu cha Virginia amejenga hoja juu ya jambo hilo: kwamba Coca-Cola ya kaunta ilikuwa kinywaji cha weupe wa mjini, na chupa ya senti tano ndiyo iliyoitoa nje ya mipaka hiyo, kwa kuwa ikishakuwa chupani mwenye senti tano hahitaji kiti. Naikubali nusu. Ni kweli kwamba gari la mzigo lililotoka mtaa wa Washington kuelekea mashambani halikuweza kuchagua midomo. Vibarua wa pamba walikuwa ndio wengi huko, na wengi wao walikuwa weusi. Lakini chupa haikumgusa kijana wa kaunta wala mwajiri wake. Ilikuwa afadhali kwao pia: sasa waliweza kuzipokea senti za watu ambao hawakutaka kuwaona wameketi. Kinywaji kilivuka mpaka, mnywaji akaachwa ng'ambo ileile.

Ilichukua karibu miaka sabini tangu chupa ya kwanza kwa watu kulirudia suala la viti vyenyewe. Tarehe 28 Mei 1963, mjini Jackson, safari isiyofika hata saa moja na nusu kwa gari mashariki ya Vicksburg, wanafunzi watatu weusi wa Chuo cha Tougaloo, Anne Moody, Pearlena Lewis na Memphis Norman, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mtaa wa Capitol wakaomba wahudumiwe. Norman aliangushwa kutoka kwenye kiti chake na kupigwa mateke. Wengine wakaja kujiunga, akiwemo mwalimu wao John Salter. Kwa takriban saa tatu umati uliwamwagia sukari, haradali na sosi ya nyanya vichwani, huku polisi wakiwa nje. Picha aliyoipiga Fred Blackwell ikaenda dunia nzima. Wiki mbili baadaye Medgar Evers, kiongozi wa harakati hizo jimboni, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake. Mkewe, Myrlie, ni mzaliwa wa Vicksburg. Sheria ya kuzifungua kaunta kwa wote ilitiwa saini Julai 1964.

Wakati huo akina Biedenharn walikuwa wameshaondoka zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Joseph alihamia Monroe, Louisiana, akaendeleza biashara ya chupa huko, na familia ikawa miongoni mwa waliotia fedha mapema katika kampuni ndogo ya ndege iliyoanza kwa kunyunyizia pamba dawa ya wadudu. Kampuni hiyo inaitwa Delta, nayo pia iliishia kuhamia Atlanta. Joseph alifariki mwaka 1952.

Jengo likabaki, likapita mikononi mwa wengine. Watu hupenda kusema kwamba majengo ya zamani huokolewa na wanaoyapenda. Kwa miji ya Kusini naona ukweli ni mkavu zaidi: mengi yaliokolewa na ukosefu wa fedha. Kubomoa ni gharama, na hakuna anayebomoa kama hana cha kujenga. Vicksburg haikukua kwa kishindo, kwa hiyo haikujila. Yaliyoondoka yaliondoka kwa njia nyingine. Tarehe 5 Desemba 1953, Jumamosi jioni, kimbunga kilipita katikati ya mji kikaua watu 38, wakiwemo watoto waliokuwa sinemani. Baadaye barabara kuu ya kitaifa ilipita kusini ya mji, wateja wakaifuata, na miaka ya 1980 huko likajengwa jengo kubwa la maduka lililopewa jina la Pemberton. Wa vitani, si wa soda.

Upendo ulikuja baada ya hapo, na ulikuja na hati ya umiliki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 familia ya Biedenharn ililinunua tena jengo, ikalikarabati na kulikabidhi kwa taasisi ya mji ya kuhifadhi majengo ya kihistoria, ambayo imeliendesha kama makumbusho. Ukiingia unakuta duka la pipi lililopangwa kama la mwisho wa karne ya 19, kaunta ya soda, mfano wa mitambo ya kujazia chupa, na rafu za matangazo, saa, sinia na chupa za kila umri, zile za Hutchinson zenye miili iliyonyooka hadi zile zenye kiuno zilizobuniwa mwaka 1915 na kiwanda cha Root cha Terre Haute, Indiana. Unaweza kununua soda yenye aiskrimu ndani. Ni makumbusho mazuri ya aina yake, yasiyo na majivuno, na mtoto hawezi kuchoka humo.

Ila ni makumbusho ya kinywaji. Wageni wanaonyeshwa mitambo kwa makini, wanaelezwa mpira, waya na shinikizo la gesi, na maelezo hayo ni ya kweli yote. Kaunta wanaonyeshwa kama kitu cha kupendeza. Mimi ningeongeza kibao kimoja tu juu yake, chenye kueleza nani aliruhusiwa kuketi kwenye kaunta za Mississippi mwaka 1894 na sheria ipi ilikuja kulibadilisha hilo. Kisingechukua nafasi kubwa, na hadithi ya chupa ingeeleweka vizuri zaidi, maana mtu angejua kwa nini kinywaji kutoka nje ya duka lilikuwa jambo kubwa namna ile.

Woolworth ya mtaa wa Capitol ilibomolewa. Mahali pake lipo jengo refu la ofisi, na tangu mwaka 2013 kuna alama ya kumbukumbu kando ya barabara inayoeleza yaliyotokea pale. Jackson, makao makuu ya jimbo, ilikuwa na fedha za kubomoa.